Nchi Nambari Nne

Kitu cha kwanza alichokigundua Zawena ni kwamba mdogo wake ameacha kumwamkia. Tangu Nurdini ajue kusema, kila asubuhi alimwambia dada yake shikamoo, hata siku walizogombana, hata siku alizokuwa na homa na sauti haitoki. Lakini mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu ulipofika katikati, alianza kumpa mkono. Tena hakumpa mkono wote. Alimpa vidole viwili, akavibonyeza vya dada yake kidogo, akavitikisa, kisha akaviachia kama mtu aliyejaribu papai sokoni akaona halijaiva.

Zawena alidhani mkono unamuuma. Akamchemshia maji ya chumvi autie.

"Si ugonjwa, dada," Nurdini akamwambia. "Ni itifaki."

Zawena hakujua itifaki ni nini, na alikuwa mtu wa kuogopa kuuliza. Akaendelea kumchemshia maji ya chumvi siku kadhaa, akitumaini itifaki nayo itapoa.

*

Nchi yao hatuitaji jina, kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ili watumishi washerehekee kufunguliwa kwake. Inatosha kusema ilikuwa nchi yenye bahati. Haikufanya biashara na nchi yoyote ya nje. Zamani ilifanya, lakini Mtukufu Kiongozi aliwahi kuletewa mwavuli kutoka ng'ambo, na mvua ya kwanza ikapenya ikamlowesha shingo. Siku hiyohiyo alifunga mipaka yote kwa muda. Muda huo bado unaendelea, na unaendelea vizuri.

Kwa kuwa biashara ya nje haikuwepo, ilionekana ni lazima isomewe. Waziri wa Biashara ya Nje, ambaye wizara yake ilikuwa na magari mengi kuliko ya afya, alilieleza jambo hilo kwa ufasaha. Alisema kuvuka barabara hakuna aliyekusomea, na watu wanavuka kila siku. Jambo linalofanyika halihitaji shule. Lakini jambo lisilofanyika kabisa, ndugu wananchi, hilo ndilo linalohitaji wataalamu.

Basi chuo kikuu kikaanzisha shahada ya Biashara ya Kimataifa na Fedha, na hapakuwa na mzazi ambaye hakuitamani. Mwaka wa kwanza wanafunzi walifundishwa kusahau majirani. Mwaka wa pili walifundishwa kuvaa. Fedha za kigeni zilichorwa ubaoni kwa chaki za rangi, wanafunzi wakazibadilisha hizi kwa hizi mchana kutwa, na jioni mlinzi alikuja kuzifuta zisije zikaibwa.

Sharti lilikuwa moja tu: kila nyumba iwe na msomi mmoja, ili wasomi wasibanane. Ndiyo maana Zawena aliishia darasa la tano. Nurdini alipofikia umri wa kuandikishwa, afisa wa elimu alikuja nyumbani kwao Kinyambuli kuuliza ni mtoto gani arudishwe, na aliyerudishwa ni Zawena. Miaka ikapita. Nurdini alipochaguliwa chuo kikuu, mama yao, Bi Kidawa, alimtuma Zawena aende naye kumfulia na kumpikia. Chuoni akapata kazi jikoni, ya kumenya viazi, kazi aliyoipenda kwa sababu viazi havimsemeshi mtu.

*

Mwaka wa nne wa shahada ile ulikuwa wa vitendo. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza, maana huwezi kufanya biashara ya kimataifa bila nchi za nje. Mkuu wa idara, Profesa Makarani, ambaye hakuwahi kutoka nje ya nchi lakini alikuwa na koti la safari, aliziandikia nchi kadhaa akiziomba zije zifanyiwe mitihani. Barua zilifika mpakani, zikakuta mpaka umefungwa, zikarudi zikiwa na mhuri wa pongezi.

Profesa hakukata tamaa. Alisema nchi ni nini, kama si mtu aliyekaa upande wa pili wa meza? Akaanza kuajiri.

Nchi Nambari Moja alikuwa Mzee Pongwa, mkata majani, ambaye kila akiketi kwenye kiti cha enzi alisinzia. Vitabu vya idara vilimtaja kama dola yenye utulivu wa muda mrefu. Nchi Nambari Mbili alikuwa Bi Siwema, muuza vitumbua. Huyu aliharibu siku ya kwanza. Wanafunzi walipomwomba aondoe ushuru wote, aliwauliza wao wamekuja na nini, na walipomwonyesha mikono mitupu aliwaambia watoke wakamtafute mama yao mwingine. Idara ikamtangaza kuwa nchi korofi na kumwekea vikwazo: asionekane na vitumbua vyake karibu na ukumbi. Kwa Nchi Nambari Tatu hakupatikana mtu. Wanafunzi walifundishwa kwamba ilizama.

Ikabaki nafasi moja. Nurdini ndiye aliyenyoosha mkono darasani.

"Ninayo nchi, Profesa," alisema. "Haisemi."

Ndivyo Zawena alivyotolewa kwenye viazi na kuwa nchi. Alipewa chumba, kiti chenye mto, na bendera iliyoshonwa kwa pazia kuukuu. Aliagizwa aketi, atazame mbali, na kengele ikilia ajue mkutano umekwisha. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo, naye hakuuliza.

*

Hapa inabidi tuseme kidogo kuhusu Kinyambuli. Ni mahali penye chemchemi za maji ya chumvi, mbali kabisa na bahari, na wanawake wa huko huyachota maji hayo na kuyachemsha kwenye vyungu vipana mpaka chumvi ibaki chini nyeupe. Kila mwanamke ana jiko lake alilorithi kwa mama yake. Mnunuzi akija, anachuchumaa mbele ya jiko, anasema anachotaka kutoa. Muuzaji akiridhika, anajibu. Asiporidhika, hajibu. Kumwambia mtu hapana usoni ni matusi huko. Unamnyamazia tu, yeye anajua amekataliwa, anaongeza au anaondoka. Na kama ombi lenyewe ni la utovu wa adabu, muuzaji hugeuza bega. Ukigeuziwa bega Kinyambuli, usirudi tena msimu ule.

Kwa hiyo Zawena alipoketi kwenye kiti chenye mto, na kijana mmoja mwenye tai akainama na kumwambia, "Mheshimiwa Nchi, tunaomba mtuachie bandari zenu zote," Zawena alinyamaza. Mwingine akaomba misitu. Akanyamaza. Msichana mmoja mwenye miwani akaomba mito, na samaki waliomo, na samaki watakaozaliwa. Akanyamaza kwa nguvu zaidi. Kila kengele ilipolia, walimshukuru wakainama mpaka chini wakatoka wakitabasamu, na Zawena alistaajabu jinsi watoto wa chuo kikuu walivyolelewa vizuri. Unawakataa, nao wanakushukuru.

Sifa zake zilienea. Wanafunzi waliacha kabisa kwenda kwa Mzee Pongwa, wakapanga foleni mlangoni kwa Nchi Nambari Nne. Jioni akirudi jikoni alijisikia mtu mzito. Maisha yake yote hakuwahi kuwakatalia watu wengi namna ile, na hakumuudhi hata mmoja.

*

Zilipobaki wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho, Nurdini alikuja kula na dada yake. Hilo lilikuwa jambo geni. Siku hizo alikula ukumbini, kwa uma. Safari hii alikaa kwenye kigoda, akala ugali kwa mkono, akamwomba amsimulie habari za Kinyambuli. Chemchemi ziko ngapi sasa? Ile ya chini, bado haikauki kiangazi? Nani ana majiko makubwa? Jiko la mama linatoa chumvi kiasi gani wakati wa jua kali?

Zawena alifurahi hata akasahau kula. Alikuwa amedhani mdogo wake amesahau nyumbani, kumbe amekuwa akikumbuka. Jioni ile alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Alimweleza na yale ambayo hakuulizwa: jinsi mama anavyoujua moto kwa kuunusa, jinsi wanawake wanavyosaidiana kuinua vyungu, na jinsi jiko la mama litakavyokuwa lake siku moja, akirudi.

Siku ya mtihani Nurdini aliingia chumbani na koti la kuazima. Nyuma yake waliketi Profesa Makarani na watahini. Alimpa dada yake vidole viwili.

"Mheshimiwa Nchi," alianza, na hakupepesa macho, "Jamhuri yetu inaomba chemchemi zenu za chumvi, ya juu na ya chini. Inaomba majiko, na vyungu, na chumvi yote itakayopikwa. Inaomba pia mikono ya wanawake wanaoipika, pamoja na ustadi wao, bila kikomo."

Zawena alijua ni mchezo wa shule. Alinyamaza. Akaangalia sakafu, kama anavyofanya mama yake mnunuzi akimletea dharau. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu awe nchi, aligeuza bega.

Nurdini aliliona bega lile. Alizaliwa Kinyambuli, alibebwa mgongoni kati ya majiko yale, alicheza na kutumwa pale, na alijua maana ya bega la muuzaji kabla hajajua jina lake mwenyewe. Akatazama saa yake ya mkononi. Akangoja. Kengele ikalia, na Profesa Makarani akasimama kumpigia makofi.

Alipata daraja la kwanza.

*

Siku ya mahafali Mtukufu Kiongozi alikuja mwenyewe. Alikaa chini ya miavuli mitatu ya kizalendo, akasikiliza hotuba, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema anawaona wataalamu wengi wa biashara ya nje. Je, biashara yenyewe iko wapi? Angependa kuiona moja.

Waziri alitazama viatu vyake. Wakuu wa idara walitazama viatu vya Waziri. Ndipo Profesa Makarani alipojongea na mkataba wa mwanafunzi bora, ule wa chemchemi za chumvi, na Waziri akausoma harakaharaka, na uso wake ukafunguka.

"Mtukufu," alisema, "nchi ya nje tumeipata. Na haiko mbali."

Haikupita wiki, askari walifika Kinyambuli na kamba ndefu wakaizungushia. Wanawake waliambiwa wapokee pongezi, kwani kuanzia hapo wao ni wageni, na wageni katika nchi hii huheshimiwa sana. Bi Kidawa alikuwa ametoka kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Alikutwa upande wa pili wa kamba bila hati ya kuingia nchini, akakamatwa na kurejeshwa kwao, yaani jikoni kwake, hatua chache kutoka pale alipokamatwa. Alitaka kuni. Akaambiwa aombe kibali ubalozini. Ubalozi haukuwa umejengwa, kwa sababu uhusiano ulikuwa bado mchanga. Chumvi yote ikapakiwa kwenye magari, na gazeti la taifa likaandika kwa herufi kubwa kwamba nchi imeanza tena kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo.

Zawena alizipata habari hizo kwa Bi Siwema, nyuma ya jiko la chuo.

"We mwanangu," Bi Siwema alimuuliza, "kwenu umekuuza kweli, au watu wanakusingizia?"

Zawena alisema hajauza kitu. Alisema aliwanyamazia wote, kila mmoja.

Bi Siwema akashusha beseni lake la vitumbua. "Mama yangu. Hukuisoma kanuni? Imebandikwa mlangoni kwako. Nchi ikikaa kimya mpaka kengele ilie, imeridhia. Mimi si ndiyo maana niliwatukana?"

Zawena alikuwa akiingia chumbani kwake kwa mlango wa nyuma, wa upande wa jikoni. Kanuni ilibandikwa mlango wa mbele, wa wanafunzi. Alikwenda akaisoma, neno baada ya neno. Bandari, misitu, mito, samaki watakaozaliwa: vyote alikuwa amevigawa, mwaka mzima, kwa kichwa kilichoinuliwa.

*

Nurdini alikuwa na ofisi sasa. Yeye ndiye Mkurugenzi wa Uhusiano na Nchi Nambari Nne, na mlangoni alikuwa na mtu wa kuuliza wageni kama wana miadi. Zawena hakuwa na miadi, lakini alisimama pale na sufuria ya chakula mpaka yule mtu akaona aibu.

Nurdini hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama daktari. Wenzake wote walitunga nchi zenye dhahabu na almasi, alisema, na watahini walikuwa wakipiga miayo. Yeye alihitaji nchi yenye mali ya kweli. Kuhusu mama, asiwe na wasiwasi. Ubalozi ukijengwa, kibali cha kwanza kitakuwa chake. Na kwa jumla mkataba huu ni fursa kubwa kwa watu wa huko kwenu.

"Kwenu ni wapi, Nurdini?" Zawena aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo hata yule mtu wa mlangoni aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Kikazi, dada, sina kwetu," akajibu. "Ndiyo maana ya kimataifa."

Kisha akamwambia kwamba ipo sherehe moja tu imebaki, ya kuuthibitisha mkataba hadharani. Nchi Nambari Nne lazima iwepo jukwaani, kengele ipigwe, basi. Baada ya hapo mkataba hauwezi kuvunjwa na yeyote, hata Mtukufu. Akamshika bega, mkono mzima safari hii.

"Wewe nyamaza tu, kama siku zote. Nifanyie hilo, dada yangu."

*

Jukwaa lilijengwa Kinyambuli, kando ya kamba, upande wa Jamhuri. Upande wa pili walipangwa wageni, yaani wanawake wa majikoni, na Bi Kidawa alikuwa mbele, mikono yake imepauka kwa chumvi. Waziri alihutubia. Alisema leo taifa limetoka nje bila kutoka nje. Alisema wahenga wetu hawakuwahi kuona kamba ndefu kama hii. Alisema mengi mengine, na bendi ikapiga kila alipovuta pumzi.

Zawena aliketi kwenye kiti chenye mto, chini ya ile bendera ya pazia. Nurdini alisimama nyuma yake. Profesa Makarani aliusoma mkataba wote, chemchemi, majiko, vyungu, mikono, kisha akauliza kama Nchi Nambari Nne ina neno. Aliuliza huku akiukunja mkataba, kwa kuwa jibu alilijua. Mpiga kengele akainua mkono.

Zawena alimtazama mama yake ng'ambo ya kamba. Ulimi ulimkauka kama vile ameramba chungu. Akasimama.

"Sitoi," alisema. Halafu, kwa sababu watu hawakuonekana kuelewa, akasema tena kwa sauti ya juu zaidi: "Kwetu muuzaji akinyamaza amekataa. Nilikataa tangu siku ya kwanza. Na huyu mdogo wangu anajua."

Mpiga kengele alibaki na mkono juu. Hapakuwa na kanuni ya nchi inayosema. Waziri alimwangalia Profesa, Profesa akaomba dakika moja ya kushauriana na koti lake la safari, na aliporudi kwenye kipaza sauti alikuwa ameshapata jibu la kitaalamu. Nchi Nambari Nne, alitangaza kwa masikitiko, imepinduliwa. Msimamo wake umebadilika ghafla, na hiyo ndiyo dalili. Jamhuri haitambui serikali za mapinduzi; kwa hiyo haiitambui Nchi Nambari Nne, wala mipaka yake, wala mkataba wake, mpaka hali itakapotulia.

Askari waliamriwa waikunje kamba, kwani haiwezekani kulinda mpaka wa nchi isiyotambulika. Magari yakageuka matupu. Waziri aliondoka akihesabu jambo lile kuwa ushindi, kwa sababu sasa nchi ilikuwa na adui wa nje, na adui ni hatua kubwa katika uhusiano wa kimataifa. Kabla jua halijatua wanawake walikuwa wamewasha majiko.

Nurdini hakuondoka na magari. Alikuja mpaka jikoni kwa mama yake, viatu vyake vimejaa majivu, na alikuwa akilia.

"Umenimaliza, dada," alisema. "Kwa neno moja. Nilidhani unanipenda. Wewe ndiye uliyeniachia shule kwa moyo wako. Mama anasimulia mpaka leo, kila mtu anajua. Afisa alikuuliza kama unaridhia, na hukulalamika hata kidogo. Leo umekuwaje?"

Bi Kidawa alikuwa ameinama kuchochea moto. Aliposikia hivyo, mkono wake ulisimama kwenye kuni, na hakuinua uso.

Zawena hakumtazama mdogo wake. Alimtazama mama.

"Sikumwachia mtu shule," alisema. "Afisa aliuliza, mimi nikanyamaza mpaka akafunga mkoba wake akaondoka. Nilikuwa nakataa. Huyu alikuwa mdogo, na yule afisa si wa Kinyambuli. Lakini wewe, mama, ulijua."